Kuipeleka Mbangua Kokwa kwenye skrini ya IMAX

Muziki wote wa Mbangua Kokwa, baleti ya Krismasi ya Tchaikovsky iliyoonyeshwa mara ya kwanza St. Petersburg mwezi Desemba 1892, huchukua takriban saa moja na nusu. Filamu fupi ya familia kwa skrini kubwa ya IMAX, mfumo wa sinema wenye picha kubwa mno, huwa na dakika 40 hivi. Zaidi ya nusu ya muziki lazima iondoke, na ukikata muziki kabla hujaamua hadithi, utabaki na ngoma zinazofuatana bila sababu.

Anzia kwenye sehemu ya pili, maana ndiko filamu nyingi za aina hii zinakofia. Vita na panya vikiisha, Clara, msichana aliyezawadiwa mwanasesere wa kubangua kokwa, hukaa tu akitumbuizwa. Mtoto wa miaka sita hatavumilia. Rudi kwenye hadithi ya E.T.A. Hoffmann ya 1816, uchukue kisa kilichoachwa na baleti: kijana aliyeibangua kokwa ngumu Krakatuk, akalaaniwa, akageuka kuwa yule mbangua kokwa mwenye sura mbaya. Laana haiondoki mpaka mfalme wa panya afe na msichana ampende kijana huyo licha ya ubaya wake. La kwanza limekwisha vitani. La pili ndilo litakaloibeba sehemu ya pili.

Mgao unaofaa: sherehe dakika 10, mti wa Krismasi kukua na vita 9, theluji 6, ufalme wa peremende 12, kurudi nyumbani 3. Kata muziki mwishoni mwa kifungu cha wimbo tu, na ngoma ya selesta, kinanda kinacholia kama kengele ndogo, usiiguse kabisa. Ngoma iitwayo ya Kiarabu ina asili ya wimbo wa Georgia wa kubembelezea mtoto. Itumie Clara anaposinzia, uachane na vilemba na vikaragosi.

Sasa kamera. Mkanda wa IMAX hupita mita 1.7 kwa sekunde, kwa hiyo kasha la mita 305 huisha kwa dakika tatu. Waltzi ya Maua inakaribia dakika saba: igawe vipande visivyozidi dakika mbili na nusu, na wachezaji warudie mapigo manane kabla ya kila kiungo ili miondoko iungane. Kamera hiyo ina kelele, hivyo wacheze kwa muziki uliokwisha kurekodiwa, na sauti za miguu zirekodiwe baadaye. Kasi ya muziki ikibadilika baada ya hapo, hakuna mhariri wa kukuokoa.

Mwendo wa haraka ndio unaoharibu picha kuliko kitu kingine. Kwa picha 24 kwa sekunde kwenye skrini ya upana wa mita 20, mchezaji anayevuka fremu kwa sekunde mbili huruka zaidi ya sentimita 40 kati ya picha na picha, na jicho huona mitetemo. Akivuka kwa sekunde saba, huruka 12 tu. Kwa hiyo mizunguko na miruko ya kasi ipigwe picha kwa mbali, mchezaji aje kuelekea kamera badala ya kuikatiza, na kila shoti ikae angalau sekunde sita. Miguu ionekane, baleti bila miguu haina maana. Kichwa kikae chini ya katikati ya fremu, kwa sababu watazamaji hutazama sehemu ya chini, na juu pabaki nafasi ya kuruka. Kimo chote cha fremu kitumie mti unapokua: kamera itulie chini, mti upande wenyewe hadi utoke juu.

Uso wa karibu utakuwa na urefu wa nyumba. Wavu wa wigi, gundi ya masharubu, uzi uliolegea kwenye riboni ya kiatu, vyote vitaonekana. Kagua kwa tochi kabla ya kila shoti.

Mfalme wa panya mwenye vichwa saba mpige picha kwa umbo zima, kamwe si meno yakijaza skrini. Kisha onyesha dakika tano za vita kwa watoto kwenye ukumbi wenyewe, si kwenye monita ya mezani, ambako hatamtisha yeyote. Wakigeukia wazazi wao, mrudishe nyuma zaidi.