Cherehani ya miguu: anza na mguu, leso ingoje

Wanaokuja kwangu Majengo kujifunza kushona huja na doti ya leso mpya kutoka Mtaa wa Biashara, wakitaka kukunga siku hiyo hiyo. Leso naiweka kando. Siku ya kwanza ni ya miguu.

Legeza ile skurubu kubwa ya duara katikati ya gurudumu la mkono, ili gurudumu lizunguke na sindano isicheze. Weka nyayo zote mbili juu ya kanyagio, mmoja ukiwa mbele kidogo. Lianzishe gurudumu kwa mkono wa kulia, ulivute kuja kwako, kisha miguu ifuate: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Likirudi kinyume, simama uanze tena. Uzi ungekuwemo, saa hii ungekuwa umejisokota chini. Kazi ni hiyo tu mpaka uweze kunihadithia mambo ya kwenu bila ya gurudumu kusita. Ndiyo maana nawauliza sana habari za shangazi zao. Wengine hudhani ni umbea.

Sababu iko kichwani. Juu ya ubongo, takriban kutoka sikio hadi sikio, pana ukanda uitwao gamba la mwendo, unaopeleka amri kwa misuli kupitia uti wa mgongo. Upande wa kushoto huendesha mkono wa kulia, na wa kulia huendesha wa kushoto. Mwaka 1937 daktari mpasuaji Wilder Penfield wa Montreal na mwenzake Edwin Boldrey walitoa ramani yake, waliyoipata kwa kugusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme hafifu. Mguu uko juu kabisa, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Mkono uko ubavuni, na vidole vimepewa nafasi kubwa mno ukilinganisha na udogo wao. Anayeanza hulazimika kuendesha sehemu zote hizo kwa kufikiri, na fikira hazimtoshi. Mguu ukishazoea, fikira zote hubakia kwa vidole.

Siku ifuatayo kaza skurubu, tia sindano kuukuu (karatasi huzitia butu), uzi usitie. Pitisha karatasi ya daftari yenye mistari. Mkono uongoze tu, usivute. Meno yaliyo chini ndiyo yanayosukuma. Kwenye pembe, simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu wa chuma unaobana karatasi, geuza, shusha. Enda polepole kiasi cha kuona ulipouacha mstari, kwani ubongo mdogo, ule wa kisogoni, hulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, kisha hurekebisha amri ijayo. Wanaokimbiza cherehani hawaoni walipokosea.

Robo saa yatosha, kila siku. Mwaka 1995 Avi Karni na wenzake huko Marekani waliwapa watu mfuatano wa kugusisha vidole, dakika 10 hadi 20 kwa siku. Baada ya wiki kadhaa, eneo la gamba lililofanya kazi katika mfuatano ule lilikuwa pana kuliko la mfuatano wasioufanyia mazoezi. Usingizi nao hukomaza ulichojifunza, kwa hivyo simpimi mtu jioni akiwa amechoka. Nampima asubuhi, kabla hajagusa kitu kingine.

Na cherehani ya umeme usiionje siku hiyo hiyo. Ile mguu hubonyeza, hii mguu hubembea. Mazoezi mawili yanayopingana yakifuatana papo hapo, la pili huvuruga la kwanza.

Sasa leso. Kata doti katikati. Kila kipande kina ncha mbili za kukunga. Pande ndefu zimeshafumwa, ziache. Pinda mara mbili, wembamba wa punje ya mchele, shona ukingoni kabisa. Hiyo ya kwanza iwe yako mwenyewe, ya kuvaa jikoni.