Namna ya kuchunguza asili ya makundi ya chuki ya wazungu Marekani

Umeshika kipeperushi, nembo au video ya kundi linalodai wazungu wa Marekani ni bora kuliko binadamu wengine, na unatakiwa kueleza limetoka wapi. Yale linayosema yaache kwanza. Tafuta mwaka lilipoanzishwa, kisha sheria au hukumu iliyotangulia mwaka huo.

Jifunzie kwa Ku Klux Klan (au Klan), kundi la namna hii linalojulikana zaidi. Wengi huiandika kama chama kimoja kilichodumu miaka 150, na hapo ndipo wanapokosea. Ya kwanza ilianzishwa Pulaski, Tennessee, kati ya mwisho wa 1865 na mwanzo wa 1866, na askari sita waliokuwa wa jeshi la Kusini lililoshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ilianza kama klabu ya mizaha na kuvaa vinyago. Wanaume weusi walipopata kura mwaka 1867, ikageuka genge la kuchapa watu viboko na kuua. Sheria ya Bunge ya Aprili 1871 na wanajeshi wa Rais Grant huko South Carolina waliivunja. Ya pili ni nyingine kabisa: William Simmons aliianzisha Stone Mountain, Georgia, mwaka 1915, filamu ya kuitukuza ile ya kwanza ilipokuwa ikivuma. Msalaba unaowaka ulitoka kwenye filamu hiyo na riwaya iliyoizaa. Klan ya kwanza haikuchoma misalaba. Ukiletewa mchoro wa msalaba unaowaka unaodaiwa ni wa 1868, una haki ya kuutilia shaka. Wimbi la tatu lilipanda baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kupinga shule za kibaguzi tarehe 17 Mei 1954. Safari hii yalikuwa makundi mengi yenye jina lile lile bila makao makuu ya pamoja, na watu wa Klan ndio waliolipua kanisa la watu weusi la Birmingham, Alabama, Septemba 1963 na kuua wasichana wanne.

Kisha panga sheria na ile inayoitwa sayansi kwa tarehe. Watetezi wa makundi haya hupenda kusema kwamba tofauti za rangi ziligunduliwa na wataalamu, sheria zikafuata. Tarehe zinawakana. Virginia, wakati huo koloni la Uingereza, iliamua mwaka 1662 kwamba mtoto hurithi hali ya mama yake, mtumwa au huru. Mwaka 1676 watumishi wazungu na watumwa weusi waliasi bega kwa bega, wakauchoma Jamestown, mji mkuu wa koloni hilo. Sasa soma sheria ya Virginia ya 1705: mtumishi mzungu Mkristo asichapwe akiwa uchi bila amri ya hakimu, farasi, ng'ombe na nguruwe wa mtumwa wachukuliwe, wauzwe, fedha wapewe maskini wa parokia. Maskini mzungu akapata kinga ya ngozi yake, pamoja na pesa za mnyama wa jirani yake. Sayansi ilikuja baadaye: Blumenbach, mtaalamu Mjerumani, alikuja kulieneza jina "Caucasian" la kuwaita wazungu mwaka 1795, na daktari Samuel Morton akapima mafuvu yake Philadelphia karne ya 19.

Fuata pesa pia, hatua ambayo wachunguzi wengi huiruka. Kuanzia 1920 Simmons aliwakabidhi Edward Clarke na Elizabeth Tyler, watu wa matangazo, kazi ya kutafuta wanachama. Kiingilio kilikuwa dola 10. Aliyemsajili mtu alibaki na 4, nyingine zikapanda ngazi hadi Atlanta, na makao makuu yaliuza hata kanzu. Msajili aliagizwa apeleleze kwanza watu wa mahali pale wanamwogopa nani: Wakatoliki, Wayahudi, wahamiaji au wauza pombe. Ndiyo maana adui hubadilika toka jimbo hadi jimbo. Andika adui anayetajwa kwenye kila chapisho, usidhani ni yule yule.

Alama zisikuchukulie muda mrefu. 88 ni herufi H, ya nane katika alfabeti, mara mbili: kifupi cha "Heil Hitler", salamu ya Hitler. 14 ni idadi ya maneno ya kaulimbiu yao. Lakini 88 inaweza pia kuwa mwaka wa kuzaliwa au namba ya jezi. Alama moja haitoshi. Tafuta ya pili iliyo karibu nayo.

Usikwame kutafuta kadi ya uanachama. Mwaka 1987 jopo la raia waamuzi mahakamani (jury) huko Alabama liliamuru United Klans of America, moja ya makundi ya Klan, ilipe dola milioni 7 kwa mauaji ya Michael Donald, kijana mweusi, na jengo la kundi likaenda kwa mama yake. Kundi lenye ofisi hushtakiwa. Tayari mwaka 1983 Louis Beam, mtu wa Klan wa Texas, alikuwa amependekeza vikundi vidogo visivyo na kiongozi. Kwa hiyo unapoandika kwamba muuaji alitenda "peke yake", litumie neno hilo kwa uangalifu. Muuaji wa watu 10 Buffalo, New York, mwaka 2022 hakuhitaji kundi: alinakili maandishi ya muuaji wa watu 51 Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, na wote wawili walitegemea dai la "kubadilishwa" kwa wazungu, yaani kwamba nafasi yao inachukuliwa kwa makusudi na wahamiaji, lililopewa jina na Mfaransa Renaud Camus mwaka 2011. Linganisha sentensi kwa sentensi uone nani kanakili wapi.

Unapohifadhi ushahidi, piga picha ya ukurasa mzima pamoja na tarehe na saa, kwa sababu kurasa hizi hufutwa haraka. Nukuu kifungu unachokihitaji tu, usiweke kiungo, na jina la muuaji liache nje.