Umechomwa na sindano kazini: namna ya kuomba dawa kinga na fidia, Arusha na Moshi

Ukichomwa na sindano ndani ya ambulensi, vua glavu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikikamue, usitie jiki. Kisha tazama saa, uiandike.

Dawa kinga ya VVU (PEP) inatakiwa ianze mapema, ikiwezekana ndani ya saa 2. Zikipita saa 72 huanzishiwi tena. Wengi hupotezea muda hapa: wanamalizia zamu kwanza, au wanangoja CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ifunguliwe Jumatatu. Usingoje, nenda idara ya dharura. Na kabla hujaingia zamu, uliza dozi ya kuanzia inawekwa wapi na ufunguo anao nani.

Pima VVU siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Majibu hasi ya siku hiyo ndiyo ushahidi kwamba hukuja kazini na maambukizi; bila hayo, dai lako halina pa kusimamia. Pima pia homa ya ini B na C, na figo kwa sababu ya tenofovir (moja ya dawa za PEP), ila dozi ya kwanza isisubiri majibu ya figo.

Mgonjwa aliyetumiwa sindano hiyo naye aombwe ridhaa apimwe kabla hamjamkabidhi wodini, na namba yake ya faili uiandike. Akikutwa hana VVU, daktari anaweza kukusimamishia dawa. Vinginevyo unameza siku 28 bila kuruka. Dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma usivimeze pamoja na dolutegravir (nayo ni dawa ya PEP): meza dolutegravir saa 2 kabla ya hivyo vingine, au saa 6 baada yake.

Homa ya ini B ndiyo inayosahaulika, nayo huambukiza kwa urahisi kuliko VVU: VVU ni kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaochomwa, B inaweza kufika 30 kwa kila 100 kwa asiyechanjwa. Chanjo ni dozi 3: leo, mwezi mmoja, miezi sita.

Kwa fidia, mjulishe mwajiri kwa maandishi siku hiyohiyo: saa, mahali, aina ya sindano, shahidi. Yeye ndiye anayepeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na ana siku 7 tu. Omba nakala iliyogongwa muhuri. Taarifa ya mdomo haimfikii mtu.

Rudi kupima wiki ya 6, mwezi wa 3 na wa 6. Hadi hapo tumia kondomu, usichangie damu.