Udi haumo kwenye faili la MIDI

Wapiga kinanda wa Lamu, taarabu mliyoiandika kwa MIDI, lugha ya kidijitali ya kuandika muziki, ikitoka nyembamba kwenye kompyuta, msililaumu faili. Lenyewe hubeba maagizo tu: noti gani, lini, kwa nguvu gani. Sauti hutoka kwenye benki ya sampuli, yaani mkusanyo wa sauti za ala zilizorekodiwa. Pakueni benki ya SF2 (aina ya faili la benki hizo) muifungue kwa FluidSynth, programu ya kupigia MIDI, ya bure na nzuri sana. Fidla na kodiani mtazipata. Udi na kanuni, ala za nyuzi za taarabu, hapana: General MIDI, orodha ya kawaida ya ala ya 1991, ina ala 128, na hizo hazimo! Tafuteni benki ya udi peke yake, muipakie pamoja na ile kubwa, kisha mhakikishe namba ya benki na ya ala zinalingana na zilizo kwenye faili. Zisipolingana, italia ala nyingine kabisa. Kati ya chaneli, yaani njia za maagizo ndani ya faili, ile ya 10 iacheni kwa ngoma.