Uendelevu usiokaririwa: namna ya kuufundisha sekondari kwa fikra bunifu

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutajia nguzo tatu za maendeleo endelevu, yaani mazingira, jamii na uchumi, bila kusita. Ataongeza kwamba Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa iliyafafanua mwaka 1987 kuwa ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Kisha kengele inalia, anatoka, anapita kando ya bomba linalovuja wala haligeukii. Mwongozo huu ni kwa mwalimu anayetaka aligeukie.

Utaratibu wa fikra bunifu (kwa Kiingereza design thinking) uliopata umaarufu kutoka Chuo Kikuu cha Stanford una hatua tano: kumwelewa mhusika, kufafanua tatizo, kuzalisha mawazo, kutengeneza mfano wa majaribio na kuujaribu. Mimi huufuata, ila kwa somo hili huongeza mawili ambayo bila hayo kazi yote hubaki maonyesho: kupima kabla ya kugusa chochote, na kuuliza nani ataitunza kazi vikundi vikishavunjwa. Tenga vipindi pacha kwa wiki sita hivi, na vikundi vya watu wanne au watano. Wakizidi hapo, wawili watafanya kazi na wengine watashika kalamu.

Hatua ya 1: Tatizo liwe ndani ya uzio wa shule

Usianze na mabadiliko ya tabianchi. Ni mada kubwa mno, na kijana akishindwa kuona pa kuishika huishia kuandika insha. Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yaliyopitishwa mwaka 2015 yatumie kama dira tu. Lengo la 12, kwa mfano, lina shabaha ya kupunguza kwa nusu, ifikapo 2030, chakula kinachotupwa na kila mtu madukani na majumbani. Hilo linashikika: shule yenye jiko ina pipa la makombo.

Tatizo zuri linaonekana kwa macho, linapimika, lina mtu anayeishi nalo kila siku, na wanafunzi wana ruhusa ya kuligusa. Ruhusa iombe wewe mwenyewe kwa mkuu wa shule, mapema.

Hatua ya 2: Pimeni kwanza

Hapa ndipo walimu wengi huruka, na hapa ndipo somo lilipo. Bila kipimo cha mwanzo hakuna atakayejua kama ubunifu umesaidia au umependeza tu.

Bomba linalovuja: tega kikombe kwa dakika 10, pima maji yaliyokusanyika, zidisha kwa 144, kwa kuwa siku ina dakika 1,440. Mililita 100 tu ndani ya dakika hizo ni lita 14.4 kwa siku. Waache wafanye hesabu wenyewe ubaoni, usiwape jibu.

Karatasi: huna haja ya kuzihesabu moja moja. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, kwa sababu A4 ni sehemu moja ya 16 ya mita ya mraba. Kwa hiyo kilo moja ya karatasi hizo zilizotupwa ni karatasi 200. Zitandaze zote mezani na mpange mafungu mawili, zilizoandikwa upande mmoja na zilizoandikwa pande zote. Fungu la kwanza huwanyamazisha.

Makombo: yapimeni kwa mizani wiki nzima, kila siku mkiandika chakula kilichopikwa na idadi ya waliokula. Gawanya uzito kwa idadi hiyo. Kipimo cha kila mtu ndicho cha kulinganisha, maana siku ambayo nusu ya shule iko michezoni pipa litakuwa jepesi bila yeyote kubadilika.

Hatua ya 3: Msikilizeni anayeishi nalo

Mhusika si mkuu wa shule. Ni mpishi, mfagizi, fundi, na mwanafunzi anayerudisha sahani ikiwa nusu. Waende wawili wawili, mmoja aulize na mwingine aandike, salamu kwanza na kazi ya mtu isikatizwe.

Wafundishe kuuliza. “Je, mnatupa chakula kingi?” ni swali la polisi, na jibu lake ni “hapana”. Jaribu hili: “Tusimulie, jana baada ya chakula cha mchana ulifanya nini, hadi ukafunga jiko?” Hapo mtu anasimulia, na ndani ya masimulizi vinajitokeza vitu ambavyo hakuna aliyefikiria kuviuliza.

Chukua kikundi kinachoamini makombo yanatokana na wanafunzi wasiojua thamani ya chakula. Wakisimama foleni na saa mkononi, huenda wakagundua kwamba darasa linaloitwa mwisho linabakiwa na dakika chache kabla ya kengele. Tatizo limehama kutoka tabia hadi ratiba, na suluhisho nalo litahama.

Hatua ya 4: Andikeni tatizo kwa sentensi moja

Umbo lake ni hili: *fulani* anahitaji *kufanya jambo fulani*, kwa sababu *ya tulichokiona*. “Shule inahitaji mapipa zaidi” haifai, hilo ni suluhisho lililovaa vazi la tatizo. “Wanafunzi wanaoitwa mwisho wanahitaji muda wa kumaliza kula, kwa sababu kengele inawakuta sahani bado imejaa” inafaa. Wakikwama, watumie mtindo unaojulikana kutoka viwanda vya Toyota wa kuuliza “kwa nini?” mara tano mfululizo. Sehemu ya “kwa sababu” isipotoka kwenye daftari la hatua ya 2 au ya 3, warudishe.

Hatua ya 5: Mawazo mengi, mabango hapana

Kila mmoja aandike kimya kwa dakika tano ndipo wasomeane. Mkianza kwa mdomo, msemaji hodari ataliteka kundi. Sheria yangu moja: hakuna bango la “Tunza mazingira”. Bango ni njia rahisi ya kuonekana umefanya kitu.

Hatua ya 6: Mfano wa kadibodi

Kipindi kimoja kinatosha. Kadibodi, gundi, kamba, chupa tupu. Kama wazo ni utaratibu na si kifaa, mfano wake ni igizo: chora foleni kwa chaki sakafuni, wapange wanafunzi, badilisha mpangilio, pima muda. Usiruhusu mapambo, aliyepaka rangi mfano wake hatakubali ukosolewe.

Hatua ya 7: Jaribuni, kisha pimeni tena

Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na mlinganishe siku zenye chakula kilekile. Namba zikishuka, msishangilie bado. Rudini kwenye nguzo tatu. Upawa mdogo wa kugawia utapunguza makombo, hilo halina shaka, lakini je, kuna anayelala njaa? Mapipa matatu ya kutenganisha taka yanapendeza, ila nani ameongezewa kazi ya kuyamwaga, na kwa malipo yapi? Suluhisho linalookoa mazingira kwa kumbebesha mfagizi mzigo mpya halijawa endelevu. Mjadala huu upe kipindi kizima hata kama utachelewa na mtaala.

Hatua ya 8: Nani ataitunza?

Kila kikundi kiandike ukurasa mmoja: nani anafanya nini kila wiki, kifaa kikivunjika kinatengenezwa kwa vitu gani na kwa fedha za nani, na siku gani kitapimwa tena. Anayetajwa asome na kukubali kwanza. Akikataa, mfano urudi mezani.

Kuhusu alama: nusu nzima mimi huiweka kwenye daftari la vipimo na mahojiano, kiasi kidogo tu kwenye kifaa chenyewe. Kikundi ambacho makombo hayakupungua kinaweza kupata alama zote, mradi kimeeleza kwa namba ni wapi dhana yake ilikatikia. Madaftari hayo yasirudi nyumbani. Yakabidhiwe darasa linalofuata, lianzie kwenye vipimo vilivyomo.