Jinsi ya kujua kama kliniki ya mtaani kwenu inatibu vizuri

Anza na ukuta, pale leseni inapotundikwa. Nchini Uganda kliniki binafsi inahitaji leseni ya kila mwaka. Soma mwaka na anwani, kwani leseni iliyokwisha muda au ya tawi jingine haikulindi. Daktari, tabibu (“clinical officer”) na muuguzi kila mmoja ana baraza linalomsajili; uliza anayekutibu ni yupi kati yao. Tabibu aliyesajiliwa anatibu malaria vizuri kabisa. Wa kuogopwa ni yule aliyevaa koti jeupe bila usajili wowote.

Ubora wenyewe huonekana mgonjwa wa homa anapoingia. Aulizwe homa ilianza lini na ameshameza nini, apimwe joto, kisha damu, ndipo dawa itajwe. Vipimo vingi vya haraka vya malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Ukiharakishwa, mstari hafifu hukosekana. Tena kipimo hicho chaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo aliyetibiwa karibuni ni afadhali damu yake itazamwe kwa hadubini. Malaria isiyo kali kwa mtu mzima hutibiwa kwa dawa mseto ya kumeza: kwa artemetha na lumefantrini ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Mgonjwa anayekula, anayetembea na asiyetapika akitundikiwa dripu, uliza sababu. Na kliniki inayoona “malaria na taifodi” katika kila homa, kwa kipimo kimoja cha Widal, yaani kipimo cha damu cha kutafuta taifodi, ihame: kipimo hicho hukosea mara nyingi, na watu hubebeshwa antibiotiki bure.

Mtoto apimwe uzito, maana dozi hufuata kilo. Akikohoa, pumzi zake zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayookoa.

Sindano ifunguliwe mbele yako, kisha itupwe papo hapo kwenye kisanduku chake bila kurudishiwa kifuniko. Friji ya chanjo ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na joto lake liandikwe asubuhi na jioni.

Vidonge vyenye alama ya “UG” ni vya serikali, haviuzwi. Ukiuziwa, tunza pakiti, risiti na daftari lako la matibabu, uvipeleke kwa afisa wa afya wa wilaya.