Jinsi ya kupima maendeleo ya mgonjwa wa kiharusi anayefundishwa kutembea kwa mdundo

Sisi tunaotumia muziki kumrudisha mtu kwenye kutembea baada ya kiharusi tuna kaugonjwa, mgonjwa akishafuata ngoma vizuri tunaandika "anaendelea vizuri" tunafunga faili. Hapana bana. Mdundo ukiwepo wengi wanatembea afadhali palepale, sasa zima uone.

1. Andaa njia. Korido ya mita 14, bandika solotepu kwenye mita ya 2 na ya 12. Mita 2 za mwanzo ni za kuchanganya, 2 za mwisho za kupunguza mwendo, unapima zile 10 za katikati tu. Wewe simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo, na stopwochi ashike mwingine maana akiyumba huwezi kumdaka na simu mkononi.

2. Mpime kimya kwanza, kabla hata hujagusa ngoma. Mwendo wake wa kawaida, sio wa kukufurahisha (ndugu zake wakiwa wanaangalia atakazana, waombe wasubiri nje). Hesabu sekunde na hatua, mara tatu, apumzike katikati, chukua wastani. Andika na viatu alivyovaa na fimbo aliyoshika, wiki ijayo viwe vilevile la sivyo unapima viatu.

3. Piga hesabu. Tuseme katumia sekunde 25, hatua 27. Kasi ni 10 gawanya kwa 25, yaani mita 0.4 kwa sekunde. Hatua kwa dakika ni 27 gawanya kwa 25 mara 60, kama 65. Urefu wa hatua ni mita 10 gawanya kwa 27, sentimita 37. Hii namba ya tatu wengi wanairuka na ndo inayokuumbua, kwa sababu mtu anaweza kupanda mpaka hatua 79 kwa dakika ukashangilia kumbe sekunde ni zilezile 25, hatua zimekuwa 33 za sentimita 30, anaburuza tu harakaharaka. Akija na sekunde 20 na hatua 24, sentimita 42, hapo sawa, kuna kitu.

4. Sasa muziki. Anzia kwenye 65 yake mwenyewe, akizoea pandisha asilimia 5 mpaka 10, yaani 68 hadi 71. Apu ya metronomu (ile inayogonga tik-tik kwa kasi uliyoichagua) inatosha, au wimbo anaoupenda wenye mdundo wa mbilimbili. Chakacha iacheni kwanza, ile 6/8 yake, mdundo unaokwenda tatutatu, inamchanganya anayejifunza upya.

5. Dakika za mwisho punguza sauti kidogokidogo mpaka kimya, aendelee kutembea, alafu pima tena. Ila namba ya kuweka kwenye grafu ni ile ya mwanzo wa kipindi kinachofuata, akiwa katoka nyumbani na hajasikia ngoma yoyote.

6. Muulize anataka nini, mwingine mita kwa sekunde hazimhusu, anataka afike msikitini kwa miguu. Lipe hilo lengo ngazi tano, kutoka -2 mpaka +2, 0 ikiwa ndo mlichokubaliana, na mkubaliane kabla ya kuanza sio mwishoni.

Grafu ikilala wiki kadhaa usikimbilie kubadilisha wimbo, angalia goti, maumivu, presha, usingizi, na mwite mtu wa fiziotherapi amtazame huo mguu.